Keet Seel kwa siku moja: kisa cha marafiki sita katika Korongo la Tsegi

Marafiki sita wanaoishi Phoenix, Arizona, wamepata vibali vya kwenda Keet Seel, kijiji cha kale ndani ya korongo, katikati ya Julai. Wawili hukimbia kila wikendi, watatu wana afya ya kawaida, na mmoja ana goti linalomsumbua kwenye mteremko. Safari ni kilomita 27 kwenda na kurudi, na wameamua kuimaliza kwa siku moja. Kila mmoja amebeba lita tatu za maji. Wanatoka korongoni jua likizama, chupa zimekauka tangu alasiri, wawili wanatapika, na mwenye goti anapanda kila jiwe kwa makalio.

Watu hawa sita tumewatunga, ila njia, umbali, sheria na hali ya hewa ni vya kweli, na kila kosa walilofanya njia hii humtega nalo mgeni yeyote. Tunakichambua kisa hatua kwa hatua kwa sababu hakuna hata kosa moja lililoonekana kubwa wakati lilipofanyika.

Mahali penyewe

Keet Seel ni kijiji cha kale kilichojengwa ndani ya pango pana la jabali. Kina vyumba zaidi ya 150, maghala ya mahindi, na kiva kadhaa, yaani vyumba vya ibada. Kimo ndani ya Navajo National Monument, hifadhi iliyotangazwa na Rais Taft mwaka 1909 kaskazini mashariki mwa Arizona. Hifadhi yenyewe ni vipande vitatu vidogo tu, na ardhi inayovizunguka ni ya Taifa la Navajo, yaani eneo la wenyeji wa asili wa Marekani lenye serikali yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia hupita kwenye ardhi ya watu wanaofuga na kuishi humo. Ndiyo maana hairuhusiwi kuchepuka kwenye makorongo ya pembeni, kupiga picha nyumba za watu, wala kubeba pombe, ambayo imepigwa marufuku katika Taifa la Navajo.

Kutoka Phoenix ni mwendo wa karibu saa tano kwa gari: Flagstaff, Tuba City, barabara kuu namba 160, kisha namba 564 kilomita 14 hivi hadi kituo cha wageni. Phoenix iko kwenye mita 330 hivi juu ya usawa wa bahari, na kituo cha wageni kwenye mita 2,200. Atakayelala hapo usiku mmoja tu ataanza kutembea mwili wake ukiwa haujazoea hewa hiyo nyepesi. Huo si ugonjwa, ila kwenye mpando pumzi itakata mapema kuliko alivyotarajia, na koo litakauka.

Njia ina sehemu tatu. Kwanza ni kilomita 2.5 hivi juu ya uwanda, karibu tambarare, hadi ukingo wa genge. Pili ni mteremko wa mita 300 kwa ngazi za mawe, kona kali na mchanga mwingi, hadi kijito cha Laguna. Tatu ni kilomita 9.5 kwenye sakafu ya korongo, ukipanda polepole kufuata kijito, ukikivuka na kukivuka tena, na kuzunguka maporomoko madogo ya maji kwa kupanda kando yake. Sehemu ya tatu ndiyo ndefu. Sehemu ya pili ndiyo huamua siku itaishaje.

Aliyezoea Meru au Kilimanjaro anajua kwamba ukichoka, unageuka na kuteremka, na kila hatua ya kurudi inakupeleka kwenye hewa nzito na chakula cha moto. Korongo ni mlima uliopinduliwa. Asubuhi ukiwa na nguvu unashuka bila jasho, halafu mpando wote unakungoja mwisho wa siku, wakati miguu imechoka, jua limechoma mawe tangu asubuhi na maji yameisha. Kwa sababu hiyo, jinsi unavyojisikia ukiwa katikati ya safari hakusemi lolote la maana kuhusu uwezo wako wa kumaliza. Marafiki wetu walijisikia vizuri sana walipofika kijijini, na uamuzi wa kuendelea na mpango wa siku moja ulijengwa juu ya hisia hiyo.

Saa iliyopotea kabla hawajaanza

Arizona haibadilishi saa majira ya joto, lakini Taifa la Navajo hubadilisha, na hifadhi hii hufuata saa za Navajo. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, hapo ni saa moja mbele ya Phoenix. Simu haisaidii, kwa sababu hubadilika kulingana na mnara inaoushika, na mahali pengi haushiki wowote. Marafiki waliweka kengele kwa saa za Phoenix na wakapanga kuondoka saa 12 asubuhi. Walipokanyaga njia, kwa saa za mhifadhi ilikuwa saa 1.

Dawa ni ndogo: kila mtu avae saa ya mkononi, na zote zilinganishwe na saa ya ukutani ya kituo cha wageni siku ya maelekezo. Maelekezo hayo ni ya lazima, na bila kuyahudhuria hupewi kibali. Vibali havizidi 20 kwa siku, msimu ni wa majira ya joto tu, na ratiba hupangwa upya kila mwaka, kwa hiyo uliza tarehe na saa ya maelekezo unapoweka nafasi, kabla ya kuomba ruhusa kazini.

Viatu, mchanga na kijito

Walifika kijitoni saa 2 na nusu, na hadi hapo walikuwa sawa. Kutoka hapo wangeweza kufika Keet Seel kwa saa tatu. Walitumia karibu saa nne, na saa hiyo ya ziada ilimezwa na viatu.

Wawili walivaa buti za ngozi zisizopitisha maji. Kwenye kila kivuko walikaa, wakavua, wakavuka peku, wakapangusa mchanga, wakavaa. Hesabu dakika tatu kwa kivuko, zidisha kwa vivuko 20, umepata saa nzima, na kundi lote linasubiri. Buti za namna hiyo zina kasoro nyingine: maji yakiingia kwa juu hayatoki, ngozi ya mguu inalainika, mchanga unasugua, na malengelenge yanatokea kabla ya adhuhuri.

Kwenye njia hii vaa viatu vyepesi vya kitambaa cha wavu, vyenye soli ya meno, vinavyoingiza maji na kuyatoa papo hapo, pamoja na soksi za sufu nyembamba. Ingia majini navyo, usivue. Beba jozi mbili za soksi kavu: badilisha moja ukifika kijijini na nyingine chini ya mpando. Bandika plasta ya kitambaa kwenye visigino na vidole asubuhi, ngozi ikiwa kavu. Ukingoja hadi paanze kuuma, plasta haitashika.

Fimbo ni lazima. Inampunguzia mzigo mwenye goti kwenye mteremko, na inapima mchanga kabla hujaukanyaga. Kando ya kijito kuna mahali ambapo mchanga na tope vimejaa maji na havibebi uzito wa mtu. Kwa juu panaonekana laini na kung'aa kidogo. Mguu ukizama hadi gotini, usiuvute kwa nguvu, kwani ukivuta unatengeneza mvuto unaoukaza zaidi. Legeza begi ulitupe pembeni, egemea nyuma au ukae ili uzito utawanyike, kisha tikisa mguu taratibu maji yaingie kuuzunguka. Utatoka. Mwenzako akupe fimbo, asikusogelee.

Maji

Hifadhi inashauri galoni moja kwa mtu kwa siku, yaani lita 3.8, na inaonya kwamba maji ya korongo yasinywewe kwa sababu mifugo hunywa na kunya humo. Marafiki walibeba lita tatu na kichujio kimoja cha kundi zima. Kichujio hakikuwafaa. Maji ya Tsegi yana tope laini kiasi kwamba tundu za kichujio huziba haraka, na kuyaacha yatuame kunataka muda ambao hawakuwa nao. Kichujio ni kitu cha dharura tu hapa.

Bajeti yao halisi ilitakiwa kuwa hivi. Asubuhi yenye kivuli, saa nne na nusu kwa nusu lita kila saa, ni lita mbili na robo. Kijijini, saa mbili na nusu za kupumzika na kutembea polepole, ni robo tatu ya lita. Kurudi kwenye jua la nyuzi 30 hadi 35, saa tano au zaidi kwa robo tatu ya lita kila saa, ni karibu lita nne. Jumla ni lita saba. Galoni ya hifadhi ni kiwango cha chini, na kwa anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo mwezi Julai hatuioni kuwa inatosha.

Lita saba ni kilo saba, na hapo wengi hukata tamaa. Njia ya kupunguza mzigo ni kuacha maji ukishuka. Kila mtu aache lita moja na nusu chini ya mpando, kivulini, mbali na mkondo na juu ya alama ya mafuriko, chupa zikiwa zimeandikwa jina na kufunikwa kwa mawe ili kunguru wasizitoboe. Chupa hizo ni lazima zipande nanyi mnaporudi. Lita hiyo na nusu ingebadilisha kisa hiki chote, maana marafiki walimaliza maji saa 10 na nusu jioni, wakiwa bado na zaidi ya saa moja ya kutembea kabla hata ya kuanza kupanda.

Chumvi nayo ina sehemu yake. Anayetoka jasho siku nzima na kunywa maji matupu hupunguza chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hufanana na za mtu aliyepungukiwa maji. Ukimwongezea maji matupu unamzidishia. Swali la kumwuliza ni: umekunywa kiasi gani, na umekojoa mara ngapi? Aliyekunywa kidogo na mkojo wake ni wa manjano iliyokolea anahitaji maji. Aliyekunywa sana na anakojoa maji meupe anahitaji kula kitu cha chumvi na kuacha kunywa kwa muda. Beba pakiti za ORS, yaani chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, au changanya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu. Kwa chakula, njugu za chumvi, tende, nyama kavu na chapati hufaa kuliko peremende.

Wageni sita, nafasi tano

Hapa ndipo mpango wao ulipovunjika kabisa, na ni jambo ambalo wangeliona kwenye karatasi kabla ya kuondoka nyumbani. Mgeni haingii Keet Seel peke yake. Mhifadhi anayekaa karibu na kijiji wakati wa msimu huwaongoza, na huingiza watu wasiozidi watano kwa wakati mmoja, kupitia ngazi ndefu iliyosimama karibu wima. Kundi la sita ni matembezi mawili.

Walifika saa 6 na robo. Watano waliingia, mmoja akabaki chini. Waliposhuka, wa sita akapanda na mhifadhi huku watano wakingoja. Waliondoka saa 9 alasiri, saa ambayo joto la Julai huelekea kilele chake na mawingu ya mvua hujikusanya. Wangekuwa watano, wangeondoka mapema kwa saa moja. Wangekuwa wanne, wangekuwa na nafasi ya kuungana na mtu mwingine aliyekuwa akisubiri. Kwa njia hii, wanne ndiyo idadi tunayoipendekeza: mmoja akiumia, mmoja hubaki naye na wawili huenda kuita msaada.

Hatusemi waharakishe ndani. Walichotembea kilomita 13.5 kukiona kinastahili saa yake. Watu waliishi hapa tangu karne ya 10, na ujenzi mkubwa ulikuwa katika miaka ya 1270. Tunajua hivyo kwa pete za ukuaji ndani ya boriti za mapaa, ambazo hutaja mwaka mti ulipokatwa. Boriti ya mwisho inayojulikana ilikatwa mwaka 1286, na karibu na 1300 kijiji kilikuwa kitupu. Huko Betatakin, kijiji jirani, mtafiti Jeffrey Dean alisoma pete hizo na kuona kwamba miti ilikatwa mwaka 1269 na 1272 ikawekwa akiba, kisha mwaka 1275 ndipo nyumba nyingi zikajengwa kwa mkupuo. Watu walipanga kuhama kwao miaka kadhaa kabla. Koo za Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona na wazao wao, hulitaja Keet Seel kwa jina la Kawestima na hulihesabu kuwa makao ya wazee wao hadi leo. Vigae vya vyungu vimetapakaa kila mahali, vingine vikiwa na rangi kali kana kwamba vimepakwa jana. Kuokota hata kimoja ni kosa la jinai chini ya sheria za Marekani za mwaka 1906 na 1979. Kwa maoni yetu, kigae kilichosogezwa kutoka kilipolala kimepoteza nusu ya habari zake hata kikirudishwa.

Kingo za udongo na mafuriko

Historia hiyo ina uhusiano wa moja kwa moja na usalama wa mtembeaji. Kati ya 1276 na 1299 eneo hili lilipatwa na ukame mkali, na karibu na wakati huohuo kijito kilianza kuchimba sakafu ya korongo, maji ya chini yakashuka na mashamba ya mahindi yakakosa unyevu. Baadaye korongo lilijaa udongo tena, kisha kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 likachimbika upya. Matokeo yake ni kwamba leo unatembea ndani ya mfereji wenye kingo za udongo zilizosimama wima, mahali pengine ndefu kuliko nyumba. Kingo hizo huanguka bila onyo, kwa hiyo usipumzike chini yake hata kama ndipo penye kivuli. Na maji yakija, si kila mahali unaweza kupanda kutoka.

Msimu wa mvua za ngurumo Arizona ni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba, na kilele ni Julai na Agosti, mara nyingi alasiri. Mvua inayoua haihitaji kukunyeshea. Tarehe 12 Agosti 1997, kwenye Antelope Canyon karibu na Page, watu 11 walikufa kwa mafuriko yaliyotokana na mvua iliyonyesha mbali juu ya korongo. Tsegi ni pana zaidi na mahali pa kupandia papo, lakini sheria ni ileile: unapotembea, jua wakati wote ni wapi utapandia. Maji yakibadilika kuwa mazito na mekundu, vijiti na povu vikianza kuelea, au ukisikia mngurumo, panda hapohapo. Usikimbie kufuata mkondo, usivuke mara ya mwisho ili kuwa upande wa gari. Kaeni juu mngoje. Mara nyingi maji hupungua baada ya saa chache.

Siku ya kisa chetu mawingu yalijikusanya na kupita. Walikuwa ndani ya mfereji kwa saa tatu katika muda mbaya kuliko wote, na walivuka salama kwa bahati.

Mpando

Walifika chini ya mpando saa 12 jioni. Wakimbiaji wawili walikuwa wametangulia dakika 25, nao ndio waliobeba kichujio na tochi mbili kati ya tatu. Kundi lililoachana hivyo si kundi. Aliye polepole ndiye atembee wa pili kutoka mbele, na vitu vya pamoja vigawanywe ili pasiwe na mtu anayeweza kuondoka navyo.

Mita 300 ziliwachukua saa mbili. Mchanga ulirudisha kila hatua nyuma, na jiwe lilikuwa bado linatoa joto la mchana. Kutapika kulianza katikati. Walifika ukingoni saa 2 usiku na kwenye gari saa 3 kasoro robo, giza likianza kuingia.

Mpango ambao tungewapa ni wa siku mbili, kwa kuwa kibali kinaruhusu kulala usiku mmoja kwenye kambi iliyo karibu na kijiji. Kuanza saa 12 asubuhi kwa saa za Navajo, kuacha maji chini ya mteremko, kufika saa 5, kutembelea kijiji, kupumzika kivulini alasiri yote ambayo wengine wanaungua nayo. Moto wa kuni hauruhusiwi. Chakula kisichopikwa huokoa maji pia. Kuamka alfajiri, kuondoka saa 11 na nusu, kufika chini ya mpando saa 2 na nusu na kuwa juu kufikia saa 4. Maji ni lita nane na nusu kwa mtu, moja na nusu zikiachwa njiani, na begi lote lisizidi kilo 13. Mwenye goti asiyeamini kilo hizo aende kwanza Betatakin, mteremko wa mita 200 hivi pamoja na mwongozo, aone linavyojibu.

Na mtu akiacha kutoa jasho, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, safari imesimama. Mlazeni kivulini, mvueni nguo za juu, mlowesheni kwa maji ya kijito, kwa sababu maji yasiyofaa kunywa yanafaa kabisa kupoza ngozi, na mpepeeni bila kuacha. Mkiwa bado nusu ya kwanza ya kurudi, msaada wa karibu ni mhifadhi wa Keet Seel. Mkishaipita nusu hiyo, wawili wapande hadi kituo cha wageni wakiwa wameandika kwenye karatasi mahali mlipo, saa dalili zilipoanza, na maji yaliyobaki.